Moyo Ulioachwa Mtini: Utangulizi wa Fasihi ya Dunia

Nguo zangu za kazini hupigwa pasi na dobi mmoja hapa Mwenge, Dar es Salaam, karibu na kijiji cha wachonga vinyago. Pasi yake ni ya mkaa. Asubuhi huipepea mlangoni mpaka makaa yakolee, kisha hutandika shati la kwanza mezani na mazungumzo yakaanza. Siku niliyokuwa nikihangaika na ukurasa wa kwanza wa kitabu hiki nilimuuliza kama anakijua kisa cha punda wa dobi. Aliiweka pasi kando.

"Kile cha kima na papa, Mwalimu? Bibi alitusimulia sana, Pangani."

Akakisimulia chote huku akinyoosha kola. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao matawi yake mengine yanaelekea nchi kavu na mengine yanainamia bahari. Kila siku humtupia papa matunda, na urafiki unakolea. Papa anamkaribisha kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji ndipo anapomwambia kweli: sultani wa mapapa ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwa utulivu kwamba laiti angeambiwa mapema, kwa maana kima wakisafiri mioyo yao huiacha mtini. Papa anageuza kwenda kuufuata. Kima akishafika juu ya mkuyu hashuki tena, na papa akimwita anajibiwa kwa kisa cha pili, cha punda wa dobi. Punda huyo aliponea chupuchupu makucha ya simba, akadanganywa akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Simba alipouliza viko wapi, akaambiwa kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo asingerudi.

Kisa hiki kilichapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmishonari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuziandika hadithi za watu wa mji kama alivyosimuliwa. Mwaka 1901 George Bateman alikitoa tena kwa Kiingereza, Chicago. Lakini kilipomfikia Steere kilikuwa na umri mkubwa mno. Kimo ndani ya Panchatantra, mkusanyiko wa Kisanskriti wa Bara Hindi uliokwisha kuwapo kabla ya karne ya 6. Katika karne hiyo tabibu wa Kiajemi, Burzoe, aliupeleka kwenye Kipahlavi kwa ajili ya mfalme wake Anushirwan. Karne mbili baadaye Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu, ukaitwa Kalila wa Dimna, na kutoka hapo ukasambaa dunia nzima iliyokuwa ikisoma. Katika Panchatantra rafiki wa kima ni mamba. Kwa Waarabu amekuwa kobe. Kwetu ni papa, maana msimulizi wa pwani anajua kinachoogopwa baharini. Mbweha wa Kihindi amegeuka sungura, kwa sababu katika hadithi zetu ujanja ni mali ya sungura. Ila punda hakubadilishiwa bwana. Huko Bara Hindi nako alikuwa punda wa mfua nguo, na neno tunalomwitia mfua nguo huyo, dobi, ni la Kihindi.

"Kwani dobi si neno letu?" aliniuliza, kama mtu aliyeambiwa kwamba shamba la baba yake lina hati ya mtu mwingine.

Ni letu. Ndiyo maana naandika kitabu hiki.

Nina neno moja zaidi juu ya kisa hiki kabla sijaendelea, kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo ninalotaka kufundisha. Wakorea nao wanacho. Wanakiimba katika pansori, sanaa yao ya masimulizi ya mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja. Kwao anayewindwa ni sungura, na kinachotakiwa ni ini lake; mgonjwa ni Mfalme Joka wa baharini, na kobe ndiye aliyetumwa nchi kavu kumrubuni. Sungura anasema ini ameliacha nyumbani. Sasa linganisha. Katika Panchatantra anayeutaka moyo wa kima ni mke wa mamba, kwa wivu tu. Unguja na Korea, nchi mbili zilizo kwenye pembe mbili za bahari, zote zimemwondoa mke mwenye wivu na kumweka mfalme mgonjwa. Ugomvi wa nyumbani umekuwa kisa cha utawala: mnyonge anadaiwa kiungo cha mwili wake ili mkubwa apone. Kwa nini?

Sina haja ya kwenda mbali kutafuta jibu la upande wetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Steere alikusanya hadithi zake soko likiwa bado wazi. Nadhani msimulizi wa mji ule alijua vizuri alichokuwa akisema juu ya rafiki anayekukaribisha kwao, na juu ya kweli unayoambiwa mkiwa tayari katikati ya maji. Na nadhani wasikilizaji wake walijua kwa nini kima alipaswa kupona. Ama kuhusu moyo na ini, kila lugha ina kiungo inachokipa kazi ya kuumia. Kiswahili kinavitumia vyote viwili, maana mtu wetu huvunjika moyo na pia hukatwa maini.

Hiyo ndiyo fasihi ya dunia ninayokualika kuisoma. Wataalamu wameielezea kwa namna nyingi, na maelezo ninayoyapenda zaidi ni ya David Damrosch, aliyesema katika kitabu chake cha 2003 kwamba fasihi ya dunia ni maandiko yanayovuka utamaduni yalikozaliwa na kuendelea kuishi kwingine, ama kwa tafsiri ama kwa lugha yake yenyewe. Kwa maana hiyo si orodha ya vitabu vikubwa vya mataifa makubwa. Hakuna mwanadamu atakayeimaliza orodha kama hiyo, na anayejaribu huishia kujua majina tu. Ninachokuomba ujifunze ni kukiuliza kila kitabu kimepita njia gani mpaka kikakufikia, nani alikibeba, kilipunguziwa nini njiani, kiliongezewa nini.

Jina lenyewe, fasihi ya dunia, huhusishwa na Mjerumani Goethe. Tarehe 31 Januari 1827, akiwa mzee mjini Weimar, alimweleza mwandishi wake Eckermann kwamba alikuwa akisoma riwaya ya Kichina, na kwamba wakati wa kujifungia ndani ya fasihi ya taifa moja ulikuwa unapita. Kabla ya hapo, mashairi ya Hafez wa Shiraz yalikuwa yamemchochea kutunga diwani nzima, iliyotoka mwaka 1819. Namheshimu Goethe, na utamsoma katika Sura ya Nne. Lakini sikubali kwamba jambo lilianza siku lilipopewa jina. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo, tunao katika nakala ya mwaka 1728, yaani miaka tisini na tisa kabla ya mazungumzo yale ya Weimar. Mshairi yule wa kisiwani alitunga kwa lugha yake, kwa hati ya Kiarabu, habari za vita baina ya Waislamu na Herakali, mfalme wa Rumi aliyetawala kutoka Konstantinopoli. Alikuwa na Byzantium yake, na alimpa Herakali majeshi, hofu na fahari kwa mizani nane nane. Katika mji huohuo Sayyid Aidarus aliichukua Hamziyya, kasida ya Al-Busiri wa Misri, akaitia Kiswahili mstari kwa mstari, Kiarabu na Kiswahili vikisomwa pamoja. Hakuna mtu Pate aliyekaa akajiuliza kama Kiswahili kina ruhusa ya kupokea dunia.

Sisi tuliozaliwa baadaye ndio tulioanza kujiuliza. Lawama yangu kubwa ni kwa namna tulivyofundishwa shuleni. Kulikuwa na vyumba viwili: kimoja kikiitwa fasihi, kinafundishwa ndani ya somo la Kiswahili, cha pili kikiitwa "litricha", kinafundishwa kwa Kiingereza, na hakuna mlango kati yao. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba vitabu vya vyumba hivyo viwili vilikuwa vinazungumza. Vijana wa siku hizi wana bahati kidogo. Wamesoma Takadini ya Ben Hanson kwa Kiswahili, wakamlilia Sekai na mwanawe mwenye ualbino katika vijiji vya Zimbabwe, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba siku ile walikuwa wakisoma fasihi ya dunia. Walidhani wanajibu mtihani.

Chukua Mwalimu Nyerere. Watu wengi wanajua kwamba alimtafsiri Shakespeare, na huishia hapo, kana kwamba ni jambo la kutajwa katika wasifu wake tu. Fungua kitabu chenyewe. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais. Hakuridhika nayo, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi. Simama kwenye neno hilo la kwanza. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akataja wengi, tena akawaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati ambapo kila redio nchini ilikuwa ikilitamka neno hilo kwa hasira. Wako waliosema kwamba ameipindisha tamthiliya kwa siasa. Lakini bepari, kama dobi, limetoka Bara Hindi, na kwa asili maana yake ni mfanyabiashara tu. Mwalimu alichagua neno lenye tabaka mbili: chini lina maana ileile ya Shakespeare, juu lina Tanzania ya 1969. Msomaji wa leo anaposoma jalada lile anazipata zote mbili. Sijui tendo la kufasiri lililo makini kuliko hilo katika lugha yetu.

Tena kuna watakaokwambia kwamba tafsiri za namna hii ni maji ya kuazima, hasa zikipitia lugha ya tatu. Shaaban Robert alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952 hakufanya kazi kutoka Kiajemi; alipitia Kiingereza cha FitzGerald cha mwaka 1859. Ni kweli, na ni lazima msomaji alijue hilo, kwa sababu FitzGerald alikuwa na mkono mzito na mengi tunayodhani ni ya Khayyam ni yake. Lakini Shakespeare naye alimpataje Kaisari? Plutarch aliandika kwa Kigiriki. Jacques Amyot akamtia Kifaransa mwaka 1559. Thomas North, asiyetumia Kigiriki, akakitia Kiingereza Kifaransa cha Amyot mwaka 1579. Shakespeare akakiweka jukwaani mwaka 1599. Mwalimu ni wa mwisho katika msururu huo. Anayeona aibu ya Shaaban Robert na aone kwanza ya Shakespeare. Na kuna kitu kimoja ambacho FitzGerald hakuwa nacho na Shaaban Robert alikuwa nacho: rubai ya Kiajemi na tarbia ya Kiswahili zote zimechukua jina lao kutoka nne ya Kiarabu. Shairi la mistari minne lilikuwa limekwisha kufika hapa kitambo, likisubiri jamaa yake.

Mwezi Juni 1962 ulikusanyika Makerere mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuwapo, Soyinka alikuwapo, na kijana wa chuo aliyekuwa bado akiitwa James Ngugi. Shaaban Robert hakuwa na nafasi pale, kwa kuwa vitabu vyake zaidi ya ishirini vilikuwa kwa Kiswahili. Mwezi huohuo alifariki. Kila ninapofundisha tarehe hizo mbili darasani husimama kidogo, na wanafunzi hukaa kimya. Sitaki wachukie mkutano ule. Ulileta mema mengi. Nataka wauone mlango, na waone nani alikuwa nje.

Miaka kumi baadaye jiji letu hili lilikuwa limepata mlango mwingine. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyetoka gerezani Kenya mwaka 1972 baada ya miaka mitatu, alikuja kufanya kazi Mlimani, katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, mwendo mfupi kutoka hapa Mwenge. Ayi Kwei Armah wa Ghana naye aliishi nchini miaka hiyo, akifundisha Chang'ombe, Temeke. Na riwaya ya Armah juu ya rushwa na uchovu wa Ghana katika siku za mwisho za Nkrumah, Abdilatif aliigeuza kuwa Wema Hawajazaliwa. Mghana Temeke, Mmombasa Mlimani, na katikati yao kitabu. Samuel Mushi alikwisha kutoa Makbeth mwaka 1968, akamfuatisha Sophocles katika Mfalme Edipode. Fortunatus Kawegere alitoa Shamba la Wanyama mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio. Paul Sozigwa akatoa Wimbo wa Lawino, na Clement Ndulute akakitoa kitabu cha kwanza cha Achebe mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jina hilo la mwisho lina kasoro machoni pangu. Achebe alikipa kitabu jina la kuanguka kwa ulimwengu mzima. Jalada letu likakipa jina la mtu mmoja, tena likamtangaza shujaa kabla msomaji hajaamua. Kifungue usome, uamue mwenyewe kama Okonkwo ni shujaa.

Hapa nigeukie vinyago, maana siwezi kuandika juu ya sanaa inayosafiri nikiwa nimekaa Mwenge na nisitazame dirishani. Wamakonde wengi waliokuja na uchongaji huu walitoka nyanda za Msumbiji. Mti wa ujamaa, ule wa watu waliopandana na kushikana mpaka huoni mmoja anaishia wapi, na mashetani ya Samaki Likankoa ya miaka ya 1950, ni sanaa iliyokua hapa, mikononi mwa watu waliohama, ikanunuliwa na walimwengu. Lakini pita kijijini leo uangalie kilichopangwa mbele: twiga, vifaru, Wamasai wenye mikuki. Mchongaji anachonga mgeni anachotarajia kuona, kwa kuwa ada ya shule ya watoto inatoka kwa mgeni. Kile cha moyo wake kiko nyuma, chini ya turubai. Soko la vitabu la dunia linafanya hivyohivyo. Paris, London na New York zina twiga wao wanaowatarajia kutoka kwetu, na mwandishi wa Kiafrika anayeyajua hayo hujaribiwa kila siku. Msomaji naye ana wajibu wake: aulize kilicho chini ya turubai.

Kwa maoni yangu, chini ya turubai kuna Aniceti Kitereza. Aliandika riwaya yake huko Ukerewe kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945: maisha ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto, pamoja na kilimo, uvuvi, dawa, pombe, adabu za kupokea wageni, kila kitu. Hakuna mchapishaji aliyetaka kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 alifariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye kikaenda Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Ukerewe kama Kitereza, akakitia Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe. Sasa niambie kitabu hicho ni cha fasihi ya taifa gani. Ukisema cha Tanzania utakuwa sahihi, na utakuwa umeiacha lugha iliyokizaa. Ndiyo sababu sura za kitabu hiki sikuzipanga kwa nchi. Nimezipanga kwa njia: bahari, misafara ya bara, misheni, shule, uhamisho.

Katika njia hiyo ya mwisho utakutana na Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Nobel mwaka 2021. Paradise aliitoa mwaka 1994. Wahusika wake, kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake na tajiri Aziz anayemwita mjomba, katika mawazo yetu wote wanaongea Kiswahili, lakini kwa miaka ishirini na minane tuliwasikia kwa Kiingereza tu. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alitutolea Peponi. Nilikisoma usiku mmoja, na mara kadhaa nilisoma kwa sauti, peke yangu, nikisikiliza watu waliorudi kwao wakizungumza. Zipo sehemu ambapo tafsiri inasikika kama ndiyo asili.

Sikukwambia uanze na kitabu gani, na watu huniuliza. Anza na kilichokwisha kukufikia, hata kama ni kipande kilichotandazwa chini kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba, bila jalada. Soma kwa sauti. Ukipata tafsiri mbili za kazi moja, weka zote mezani na ufuate ukurasa mmoja tu, sentensi kwa sentensi. Utajifunza zaidi kuliko katika kurasa mia za nadharia, zangu zikiwemo. Wala usiogope usichokielewa. Nagona ya Kezilahabi niliisoma mara tatu kabla haijanifungukia, na haijamaliza kunifungukia.

Kabla hujafungua Sura ya Kwanza, mtafute mtu mzima mmoja wa kwenu, bibi, babu, shangazi, jirani, umwombe akusimulie kisa chochote cha mnyama mnyonge aliyemponyoka mkubwa. Kiandike kama anavyosema, usimsahihishe. Andika pia alikisikia wapi, na kwa nani. Acha kurasa mbili tupu baada yake. Mle darasani, siku ya kwanza, kila mmoja atasoma chake, na tutafungua Panchatantra ukurasa wa kima na mamba.